Bibi, Umra Ile Sikumpa Askari

Bibi yangu,

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile umra uliyoniusia nimfanyie babu yako, askari Feruzi, sikumfanyia yeye. Makka nilikwenda, Kaaba niliizunguka, baina ya Safa na Marwa nilitembea mpaka nyayo zikawaka moto, na Mama alinikata ncha ya nywele kama inavyotakiwa. Kila kitu kilitimia. Lakini jina nililolitia katika nia si lake. Umra ile nilimfanyia mkewe, Bibi Kidawa.

Basi nimeshasema. Sasa nisikilize mpaka mwisho, kama nilivyokusikiliza mimi miaka yote ile, kwa sababu nina hasira na wewe, Bibi, na kumkasirikia mtu aliyekufa ni kazi mbaya. Huwezi kumnunia. Huwezi hata kuchelewa kumpelekea chai.

Unakumbuka nyumba yetu ya Riyadh, ile ya mtaa wa Suwaidi, ghorofa ya pili? Mahali pako palikuwa pembeni mwa sebule, chini ya kiyoyozi, juu ya godoro la sponji, miguu umeinyoosha. Nikitoka skuli nakaa mbele yako na daftari. Skuli walinifundisha Kiarabu; Kiswahili cha kuandika nilikipata kinywani mwako, kwa kukuandikia barua zako za Unguja. Kila mtu alikuwa na simu, wewe ukataka barua. "Andika," unasema. "Ama baada ya salamu. Ushaandika? Mbona muda wote huo, kwani waandika Msahafu?" Nami sijibu, naandika. Wewe ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kuniambia nipaze sauti. Ulisema mtoto asiyesema sana husikia vizuri. Haya, nilisikia vizuri. Umeona matokeo yake?

Barua zikisha, anaingia Feruzi.

Nilimjua Feruzi kabla sijajua kusoma saa. Alikuwa askari wa miguu wa Sultani wa Unguja, zamani za bibi zako, katika wale vijana waliokusanywa na Mzungu mmoja akawafundisha kwenda kwa safu zilizonyooka kama meno ya kitana. Sare nyeupe, kofia nyekundu, bunduki begani, na miguu peku, maana ulisema viatu hawakupewa. Kwa urefu wake akawekwa safu ya mbele. Ijumaa jioni watu wa mji walikuja uwanjani kutazama gwaride, na wewe ulikuwa ukiapa kwamba walikuja kumtazama yeye. Halafu unainuka, na magoti yako yale, unachukua ufagio unauweka begani, unakwenda kutoka mlango wa jikoni mpaka dirishani: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Baba anasimama anakupigia saluti. Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Nilicheka na mimi. Sitaki uje useme sikucheka.

Ya nyumbani kwake ulitusimulia pia. Chumba kimoja Ng'ambo ya mji, ukuta wa udongo, na mke mmoja, Kidawa, muuza vitumbua. Siku asizokuwa na zamu ya ulinzi alirudi magharibi, naye Kidawa akamkanda nyayo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Huku anakandwa anamweleza mambo ya uwanjani: nani kapoteza hatua, nani kaangusha bunduki mbele ya Sultani. Siku moja alimwambia kwamba akimaliza jeshi atakwenda Haji. Neno hilo ulilihifadhi kama hati ya nyumba.

Kisha wakampeleka bara, kwenye ngome ya Mpwapwa. Miezi mitatu, waliambiwa. Akakaa miaka sita. Katika miaka hiyo alirudi mara moja, Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, akakaa siku tisa, na hapo ndipo ilipopatikana mimba ya baba yako. Alipoondoka aliacha sare yake ya pili. Na Kidawa, kila Alhamisi, aliifua ile sare, akaitia wanga wa muhogo, akaipiga pasi ya makaa na kuitundika ukutani, ili mumewe akitokea ghafla na kuitwa gwarideni Ijumaa asipate aibu. Kila Alhamisi, Bibi. Miaka sita. Anafua nguo ambayo hakuna aliyeivaa.

Ulitusimulia hayo kama hadithi ya mapenzi, na Mama akafuta machozi. Mimi nilihisi kitu kinanikwaruza ndani, nikashindwa kukijua, mpaka alipokuja Dada Njeri.

Miaka ile karibu kila jengo mtaani petu lilikuwa limepata dada wa kazi kutoka Kenya. Maajenti walikuwa wakiwaleta kwa makundi. Njeri alifanya kazi nyumba ya chini yetu. Ametoka Nakuru, ameacha binti wawili kwa mama yake, na simu yake inakaa kwa madam. Ukashuka mwenyewe na fimbo yako, ukamwambia yule madam kwa Kiarabu chako cha Jeddah kwamba una mjukuu asiyejua kukanda unga na unamtaka Njeri aje amfundishe. Ukapewa saa moja kila Ijumaa alasiri. Unga hatukuukanda hata siku moja. Njeri alikuja akapiga simu kwao kwa simu yako, kisha akanywa chai na sisi. Mkristo wa watu, hana habari ya Sultani wala gwaride. Ukamwingizia Feruzi wako.

Alisikiliza mpaka kwenye sare. Akaweka kikombe chini.

"Shosho, wacha nikuulize. Hiyo miaka sita, huyo mama alikuwa anakula nini?"

"Alikuwa akiuza vitumbua," ukasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto alikula vitumbua."

"Na makaa ya pasi? Na muhogo? Yaani anachukua muhogo ya mtoto anapaka nguo ya mtu hayuko?"

"Alikuwa askari, mwanangu. Alitumwa."

"Hata mimi nimetumwa, Shosho. Na kila Ijumaa si unaniona napiga simu?"

"Kwani wakati ule kulikuwa na simu?"

"Kulikuwa na watu wanarudi! Si angetuma mtu hata salamu? Kwetu huyo angeitwa mbele ya chifu aulizwe hizo nguo ni za nani."

Mama alicheka huku amejifunika kwa mtandio. Wewe hukucheka. Na wewe ukiudhika ulikuwa unasema zaidi ya ulivyokusudia. Ndipo ukatoa sehemu ambayo hatukuwahi kuisikia.

Mwaka ule wa sita Idi ilikaribia na baba yako, mtoto wa miaka minne, hana nguo. Kidawa akaitazama sare ukutani. Akachukua mkasi. Akamshonea mwanawe kanzu. Siku ishirini baada ya Idi, Feruzi akarudi na kikosi chake, sare aliyokuja nayo mwilini imekuwa matambara, na mtoto asiyemjua akatoka mlangoni kumtazama amevaa ile kanzu. Kesho yake wakaitwa gwarideni. Feruzi akaenda na matambara. Wakamtoa safu ya mbele, wakampiga viboko mbele ya wenzake. Akarudi Ng'ambo, hakumwuliza Kidawa kitu, hakula, akakunja mkeka wake akahamia kwa askari wenzake. Kikosi kilichofuata cha bara akaondoka nacho. Akafa huko kwa ndui.

"Bibi Kidawa alikuwa na haraka," ukamalizia. "Angesubiri siku ishirini tu."

Njeri akasimama kabisa. "Haraka? Shosho! Haraka ya miaka sita?"

Sauti ya madam wake ikapanda ngazi, "Njeri! Yalla!", naye akateremka huku anatikisa kichwa. Ukanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Watu wengine hawayajui mambo ya jeshi," ukaniambia. Nikainama kwenye daftari langu. Lakini tangu siku ile, kila ulipoweka ufagio begani, sikuweza tena kucheka.

Siku ishirini! Nani alimwambia Kidawa kwamba zimebaki ishirini? Mtu aliyesubiri miaka sita angejuaje kwamba hii iliyobaki ndiyo ya mwisho? Nimeligeuza neno hilo kichwani nikiwa darasani, nikiwa naosha vyombo, hata nikiwa kwenye mtihani wa mwisho wa hesabu, na kila nikiligeuza linaniudhi upya.

Na kinachonichosha zaidi ni hiki: Feruzi hukumwona. Alikufa hata baba yako hajaanza chuo cha Kurani. Uliyemjua wewe ni Kidawa. Ulilala naye kitanda kimoja mpaka una miaka saba. Uliniambia vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa kwa ile pasi, akishika birika la moto hasikii. Uliniambia habari ya kifo cha Feruzi ilipomfikia ilikuwa imechelewa zaidi ya mwaka, na mwalimu wa chuoni akamwambia eda yako imeshapita, mama, si lazima tena. Naye akakaa eda vivyo hivyo, miezi minne na siku kumi, chumbani, kwa sababu haikumpendeza askari afe na asiwepo wa kumkalia. Hayo yote uliniambia kwa kupita tu, huku unatafuta miwani yako. Feruzi alipewa ufagio na saluti. Kidawa alipewa muda wa kutafuta miwani.

Mwaka wako wa mwisho ukaniita niandike wasia. Vitu vyako ulivigawa haraka: cherehani ya Mama, Msahafu wa Baba, kanga zako za Unguja zangu. Kisha: "Andika. Babu yangu Feruzi alitia nia ya Haji, hakujaaliwa. Mjukuu wangu akimaliza skuli amfanyie umra. Amfanyie yeye, si baba yake. Baba yake ana orodha ndefu ya maiti za watu."

Ni kweli, Baba kila wiki alikuwa akipigiwa simu kutoka Unguja, mkumbuke fulani, mfanyie fulani. Nikaandika. Halafu nikauliza, na unajua kuuliza kunavyonigharimu: "Na Bibi Kidawa?"

"Kidawa hakuomba," ukasema. "Kidawa hakuomba kitu maisha yake yote."

Ulisema kama unamsifu. Nami nikakausha wino, nikakupa utie kidole.

Tulikuzika Riyadh. Tukahamia Jeddah, Baba alipopata ukarani bandarini, na sasa tuko mtaa wa Karantina, vyumba viwili. Nimemaliza skuli mwaka huu. Na mwaka huu huu kafili wa Baba, mdhamini wake wa kazi, amekataa kumhuishia ikama, kibali chake cha kukaa. Baba amezaliwa Jeddah, Bibi, unajua zaidi yangu, ulimzalia hapa hapa, na Jeddah imemwambia halas, basi. Tumegongewa muhuri wa kutoka na kutorudi. Tunakwenda Unguja, ambako mimi sijawahi kukanyaga na yeye alikwenda mara mbili tu, kwa maziko.

Najua utasema, kwani umra mbili zilikuwa na ugumu gani, Makka si hapo tu? Ungekuwepo ungeona. Gari tumeuza. Magoti ya Baba yamekuwa kama yako. Siku zilizobaki ni za kufunga mabegi na kusimama foleni. Jirani alituazima gari lake kwa siku moja. Safari moja, umra moja, kila mtu na maiti wake mmoja. Baba alikufanyia wewe. Mama alimfanyia mama yake. Mimi nilikuwa na wasia wako, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kwa kuwa tunakaa Jeddah, nia tulitia nyumbani. Baba alisimama mlangoni na shuka zake mbili nyeupe, funguo mkononi. "Haya mwanangu, mtaje babu yetu kwa jina lake." Naapa nilikuwa nimejitayarisha kusema Feruzi. Wiki nzima ile nilikuwa nikijifundisha kusema Feruzi. Nikafungua kinywa, na askari simwoni. Naona sare imetundikwa, imenyooka kwa wanga, hakuna mtu ndani. Nikasema Kidawa.

Baba hakusikia. Mimi hakuna anayenisikia nikisema mara ya kwanza, na huwa nalia kwa hilo, lakini siku ile sauti yangu ilinifaa. "Ushasema?" "Nshasema." "Allah akutakabalie." Tukaondoka.

Mpaka mwisho nilikuwa sawa. Hata kati ya Safa na Marwa nilikuwa na furaha, nikiwatazama watu wote wale, mashekhe, wazee, wanaume vifua mbele, wakienda mbio mahali alipokwenda mbio mama mmoja akimtafutia mwanawe maji. Yeye aliachwa pale kwa amri ya Mwenyezi Mungu, simfananishi na mtu. Lakini moyoni nilisema, Kidawa, tembea, hii yako.

Kisha Mama akanikata nywele, na Baba akaketi chini anajisugua magoti, na ghafla akaanza kulia. "Leo Babu Feruzi kapumzika," akasema. "Mama yangu leo karadhi." Akanibusu kichwani. Nikatamani kumwambia pale pale. Akatoa simu akampigia Ami, ndugu yake wa Unguja, akaweka sauti kubwa watu wakageuka.

"Wasia umetimia!"

"Alhamdulillahi!" Ami akapiga kelele. "Mpe simu huyo mtoto. Wewe! Mwanamume wa ukoo huu ni wewe, hawa wengine wanavaa suruali tu! Ukifika tunachinja, unasikia? Utakaa mbele utusimulie."

"Naam, Ami."

"Eti?"

"Naam, Ami."

"Sisikii, lakini ahsante!"

Sasa niambie nifanye nini. Nikimwambia Baba, namnyang'anya kitu kimoja alichokikamilisha mwaka huu. Kazi wamemchukulia, mji wamemchukulia, kaburi lako linabaki Riyadh na hatalizuru tena. Siwezi kumchukulia na hili. Na kujuta nako siwezi. Nimejaribu, Bibi. Nakaa juu ya mswala baada ya sala nasubiri kujuta, na badala yake nakumbuka zile siku ishirini nakasirika upya.

Nimejaribu pia kumfanyia haki Feruzi. Mkataba wa Njeri ulipokwisha madam alimzuia mwaka mwingine, na Ijumaa moja bintiye mdogo akamwita anti kwenye simu. Njeri akasema, "Ni sawa tu." Akakata, akaosha vikombe vyetu vyote, na vilikuwa safi. Tangu hapo siwezi kusema kila anayekwenda mbali amesahau. Pengine na Feruzi huko Mpwapwa alikuwa akijua kila Alhamisi inapofika. Pengine viboko havikumuuma kama kumwona mwanawe mwenyewe anamshangaa. Sijui. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu mtu pekee aliyemjua, Kidawa, alimsema kwa mema tu.

Hilo nililigundua juzi, nikifunga kanga zako. Kila ulilolijua juu ya Feruzi ulilipata kwa Kidawa. Urefu wake, safu ya mbele, hata ile miguu, kushoto, kulia. Nani alikuonyesha kwenda hivyo? Si yeye, bibi kizee na vidole vyake vilivyokufa, ndani ya chumba kile cha Ng'ambo? Kwa hiyo Kidawa hukumsahau. Alijificha mwenyewe nyuma ya mumewe, na wewe, mtoto wa miaka saba, ukaamini. Sasa nimebaki nina hasira na watu watatu na wote mmekufa.

Na baya kuliko yote, najua kama ningeweza kumwuliza Kidawa angesema nini. Angesema, mpe Feruzi. Bila hata kufikiri angesema hivyo, huku anatia makaa kwenye pasi. Basi akitaka kumpa, ampe mwenyewe. Thawabu sasa ni zake, zimekwenda kwa jina lake, na kabla ya hapo hakuwa na kitu cha kumpa mtu ila jasho. Safari hii Feruzi akitaka kitu, aende akapige hodi kwa mkewe.

Tunaondoka Jumatano. Mbele ya Ami nitakaa, nitasimulia. Nitaanza na gwaride kwa sababu watalitaka, kisha nitaingia kwenye wanga wa muhogo na mkasi na ile eda aliyoambiwa si lazima, na wakiniambia "Eti?" nitarudia, na wakisema tena nitarudia tena. Hilo naliweza, na halina uongo ndani yake.

Lakini hili la nia libaki baina yetu. Baba siku hizi anakuota sana. Kila akiamka ana neno kutoka kwako: mara umemwambia apunguze chumvi, mara umemwambia avae soksi kwenye ndege. Akikuota tena, mwambie habari za chumvi. Mwambie habari za soksi, atafurahi. Hili, Bibi yangu, nakuomba sana, usimwambie.

Mwenyezi Mungu akupe usingizi mwema huko Riyadh tunakokuacha.

Mjukuu wako